Rafu ya Tatu

Kwenye jokofu, rafu ya tatu ina jina:
Ignacy, kwa wino wa kijani,
mpangaji aliyehama kabla sijafika.
Sikulibandua. Chini yake nikaweka jibini,
mayai mawili, na chupa ya ajika
aliyoivisha mama soksi tatu
isije ikavunjika njiani kutoka Kutaisi.

"Maziwa ya Ignacy yameganda," alisema Bogna,
huku ananitazama mimi.
*Zamu ya Ignacy kuosha choo*, akaandika Wit mlangoni.
Nikaosha.

Łódź, Novemba, giza linaingia saa kumi.
Kuta nyembamba: najua Wit hukohoa saa ngapi,
najua Bogna akitaka kulia
hufungua bomba kwanza.

Usiku mmoja bomba lilikawia kufungwa.
Nikapasha mkate, nikaupaka ajika,
nikabisha hodi.
Akauma. Machozi yakamtoka upya,
haya ya pilipili, ya kuchekwa.
"Hivi wewe hasa unaitwa nani?"
Nikamwambia. Akalitamka mara nne,
kila mara akilivunja mahali pengine.

Asubuhi rafu ina karatasi mpya,
jina langu, herufi mbili zimekosewa.
Zamu ya choo haikubadilika.