Daftari la Penseli

Kibarua, bibi yangu wa Mwika aliniambia,
ni barua ndogo:
karatasi ya siku moja, unapewa asubuhi,
unairudisha jioni kwa senti zako.
Barua isiyo na jina la mpokeaji.

Mimi ni katibu wa tawi, kiwanda cha kukoboa kahawa,
upande wa reli, Moshi.
Nina mhuri. Nina kabati lenye ufunguo,
na ndani yake daftari la wanachama:
mia na kumi na wawili, mwaka nilioingia.
Mzee Kiwelu akastaafu.
Ndesario tukamzika Uru, mvua inanyesha.
Ikaja mashine ya kuchagua kwa rangi, na jicho lake la taa,
ikafanya kazi ya watu ishirini, haikuomba fomu.
Tukabaki arobaini na mmoja
na ajenda ileile kila kikao: Kuongeza Wanachama.
Ukutani tumebandika: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na nje ya geti, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
wanawake sitini, kanga juu ya sweta,
wanamngoja msimamizi anyooshe mkono:
wewe, wewe, na wewe wa nyuma.
Vidole mia sita.
Miaka tisa nimewapita nikiwasalimu.

Nakijwa ndiye aliyenifuata ofisini,
vumbi la maganda bado kwenye nyusi.
"Nataka kadi."
Nikampa fomu. Namba ya ajira? Hana.
Tarehe ya kuajiriwa?
"Ipi? Ya leo, au ya jana?"
Nikamweleza kwa upole wa mtu mwenye mhuri:
ada yetu hukatwa kwenye mshahara, mama,
nawe huna pa kukatwa.
Akaitazama mikono yake.
"Pa kukatwa ninapo," akasema.

Mwezi wa Kumi mkanda wa mashine ukamla vidole viwili.
Alipewa elfu kumi na bodaboda hadi Pasua.
Kesho yake kibarua kikaota nyasi.
Usiku ule niliisoma katiba ya chama, jalada hadi jalada.
Neno kibarua halimo.

Nikanunua daftari la shule, lenye picha ya twiga,
na penseli, maana watu hawa huja na kuondoka.
Ofisi nikaihamishia kwa Foibe, muuza tangawizi,
kabla geti halijafunguliwa.
Mia mbili siku ukipata kazi. Ukikosa, hudaiwi.
Shirima wa ghalani alinijia juu:
"Hawa ndio wanaotushushia bei!"
Bei ilishashuka, nikamjibu, wao wakiwa peke yao
na sisi peke yetu.
Hakunisemesha wiki mbili.

Nilidhani wataanza na malipo.
Walitaka zamu kwa orodha,
ili asichaguliwe anayemjua msimamizi gizani.
Halafu barakoa. Halafu glavu.
Siku ya kudai, sisi wa mikataba tulikaa juu ya magunia
saa nzima, mashine zimenyamaza;
Shirima naye alikaa, mgongo kanipa.
Orodha imebandikwa. Barakoa zimekuja.
Glavu bado.
Makao makuu wamejibu: suala lenu linafanyiwa kazi.

Jana Nakijwa alirudi, mkono mfukoni.
Alilifunua daftari, akalisogeza kwenye mwanga wa jiko.
"Msimu ukiisha, kadi nayo inaisha?"
Jina linabaki, nikasema.
"Kwa penseli?"

Sikuwa na jibu. Foibe akaacha kukoroga.
Nakijwa akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati langu,
ile ya kutilia sahihi mihtasari,
akaishika kwa vidole alivyonavyo,
akaandika polepole, Nakijwa Elinami Mbwambo,
herufi za mwisho zikapanda
juu ya mstari wa mtu mwingine.