Shubiri na Ukucha

Kovu la dada yangu Ghaniya ni shubiri kamili.
Nimelipima kwa mkono wangu, chumbani kwake, Al-Khoudh,
kanga yake imeteremshwa hadi kiunoni:
dole gumba kwenye pingili ya tatu,
kidole cha mwisho kule mifupa ya nyonga inapoanzia.
Limetuna kama mshono wa gunia la mchele,
mshono wa mtu aliyekuwa na haraka.

Langu ni ukucha.
Ukucha wa kidole kidogo, si zaidi.
Analitafuta kwa miwani, halioni.
"Una hakika walikupasua?"

Yeye alipasuliwa mwaka ule wa kimbunga,
maji ya wadi yalipokata barabara ya Sib.
Daktari alichana ngozi, akasogeza nyama ya mgongo
kama afunguaye pazia zito,
akapunguza mfupa, ndipo akaiona diski
imechomoza, imeukalia mshipa wa fahamu
kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka.
Siku tisa hospitali. Wiki sita hakuinama.

Lakini watu! Wallahi, watu walikuja.
Walivua viatu hadi mlango haufungiki.
Walikuja na halwa, na chai ya zaatari, na supu ya miguu ya mbuzi,
wakimwambia ajri na afya, ajri na afya.
Watoto wake waligawanywa kwa majirani.
Na mama mkwe, aliyekuwa hasemi naye tangu Rajabu,
alimkosha nywele ndani ya beseni,
shingo ameishika kwa viganja viwili,
kama akoshaye yai.

Mimi, miaka mingi baadaye:
sufuria la biriani ya arusi, watu mia mbili,
nikalinyanyua peke yangu. Kiuno kikasema ta!
Moto ukashuka pajani, nyuma ya goti, mpaka kwenye dole gumba.

Daktari, kijana wa Sur, sauti ya taratibu,
alinichorea mrija kwa wino wa buluu.
"Nyama hatuikati, tunaipisha tu.
Kamera inaingia hapa, kikoleo kidogo kinaifuata,
kinanyofoa kilichochomoza.
Damu kijiko. Jioni unalala kwako."

Na baada ya mwaka?

Akaweka kalamu chini. Nilimpenda kwa hilo.
"Baada ya mwaka migongo mingi inafanana.
Ile njia kubwa inakuchelewesha mwanzoni.
Hii ndogo nayo ina hila zake:
kipande kikijificha, jicho la kamera laweza kukipita,
tukalazimika kurudi."

Jioni ile nililala kwangu kweli,
plasta moja mgongoni.
Asubuhi mume wangu, na si mtu mbaya,
akauliza kanzu yake ya kazini iko wapi.
Siku ya nne mama wa biarusi mwengine alipiga simu kutoka Barka:
"Nimesikia ni tundu tu."

Ni tundu tu.
Nikainama kuokota kijiko,
nikabaki palepale juu ya marumaru, nalia,
mlango umefungwa vizuri,
nje hakuna hata kiatu kimoja.

Sasa mwaka umepita. Sote twabeba ndoo nusu.
Kiyoyozi kikizidi, viuno vyetu huulizana hali.
Ghaniya ananipaka mafuta pale anapodhani pana kovu,
amekosea, ni upande wa pili,
nami simwambii.
"Ningechaguzwa leo," anasema, "ningetaka lako."

Na mimi nalitaka hili hili. Kisu kirefu sikitamani.
Ila daktari angeandika kwenye cheti,
chini ya vidonge vya maumivu, viwili asubuhi, viwili usiku:
mtu mmoja, avue viatu mlangoni,
aje amkoshe nywele.