Hodi katika Ofisi ya Maji

Mji unaitwa Máfil. Sikio langu, lililozoea kwingine,
lilisikia mafaili, wala halikukosea sana:
ofisi ya kamati ya maji ni chumba kimoja cha mbao,
jiko la kuni, birika, kalenda ya duka la mbolea,
na kompyuta moja ya watu wengi.

Mvua ya kusini mwa Chile hainyeshi. Inaishi pale.

Ndani ya mashine mna mita, madeni, risiti,
jina la kila aliyefungiwa bomba
na la kila aliyelifungua usiku.
Kabati ni moja. Tazama sasa wanavyolibishia hodi.

Don Nolberto, fundi wa reli mstaafu,
hubofya folda ya manjano pale chini ya skrini
mara mbili, kwa nguvu, ingawa mara moja yatosha.
Hufunguka madirisha mawili. Moja hulifunga.
Huu mwaka wa tisa analifunga.

Eduvigis, mweka hazina, hagusi kipanya.
Gumba kwenye kitufe chenye dirisha,
kidole cha kati kwenye E, basi,
bila kutazama, kama mtu atiaye chumvi.
Sisi tulifunzwa kuwa aingiaye dirishani ni mwizi;
yeye hugonga dirisha, na ndani huitikiwa: Eee!

Yerko, wa miaka kumi na tisa,
huandika herufi tatu za mwanzo tu,
mashine ikammalizia neno
kama shangazi asiyependa kusubiri.

Mkaguzi, akija kutoka Valdivia,
hubofya kulia, pembeni kabisa.
Orodha ndefu huchomoza, naye hushuka nayo polepole
ili tuone kuwa amesoma.

Na Hilda Catrileo?
Hilda huanza barua.
«Mpendwa Rosalba, huku mvua»
kisha hujifanya anataka kuihifadhi.
Mashine huuliza, niiweke wapi? Humfunulia kabati zima.
Huchungulia, husoma deni alilolitaka,
hughairi. Barua hutupwa.
Kesho tena: «Mpendwa Rosalba, huku mvua»

Nolberto humcheka: unapitia jikoni kwenda sebuleni!
Hilda hujibu: jikoni ndiko kwenye chakula.

Jumanne moja ya Julai akaingia Don Fidelmo, kalowa chapa,
risiti hana, anaapa kuwa Machi alilipa.
Betri ya kipanya imekufa.
Nolberto akakigonga gotini kama redio mbovu.
Gumba la Eduvigis likaenda, kidole cha kati kikafuata,
kikatua shimoni: E iling'oka Ijumaa, mate ilipomwagika,
imo kwenye kisahani cha sarafu.
Yerko naye kaduwaa. Katika herufi zake tatu,
ya kwanza ndiyo hiyo iliyo kisahanini.

Kuni zikapasuka jikoni. Fidelmo akachuruzika sakafuni.

«Andika archivos,» akasema Hilda, bila kuinua macho
kwenye soksi aliyokuwa akiishona.
Ndilo neno lao la mafaili.
Lihesabu: halina E hata moja.

Yerko akaliandika. Kabati likafunguka.
Kwa mishale akateremka, mwaka, mwezi, ukurasa,
kama mtu ashukaye ngazi gizani.
Machi ipo. Imelipwa.
Imelipwa mara mbili: mara ya pili
na Osvaldo Huenchul wa ng'ambo ya uzio,
ambaye hawajasemezana naye tangu kisa cha ng'ombe.

Hakuna aliyesema neno.
Fidelmo alivaa kofia, akaivua,
akavaa tena, akabaki amesimama
mpaka birika likachemka.

Jioni, wakifunga ofisi, Yerko akauliza:
«Doña Hilda, Rosalba ni nani?»

Hilda alitafuta funguo mfuko huu, mfuko ule.
«Hayupo, mwanangu. Hajawahi kuwapo.
Ile ni hodi tu.»