Mahema Mawili

Daktari Sarantuya alitutia matone, baba na mimi,
tukaketi Ulan Bator, mboni zimetanuka kama za paka.
Nje, baridi ya kuvunja vyuma,
moshi wa makaa umelala juu ya mji.

Baba huwahesabu mbuzi wake ng'ambo ya bonde,
humjua hata yule wa pembe iliyovunjika;
barua zangu, tangu ujana wake, husomewa na jirani.
Mimi nasoma maandishi ya kisigino cha chupa ya dawa,
na mbuzi, kwangu, ni theluji iliyochafuka.

"Macho ya binti ni marefu," daktari alisema,
"ya mzee ni mafupi."
Baba akacheka. Jicho nalo ni kamba?

Daktari akachora duara nyuma ya stakabadhi,
tundu mbele, kiwambo nyuma, na mistari ya nuru.
Baba akamnyang'anya kalamu:
"Kumbe ni hema!"
Hema letu, tundu lake paani:
jua likigusa mguu wa kitanda,
ni saa ya kukamua.

Basi kwangu ukuta umerudi nyuma.
Nuru inakutana hewani, njiani,
kisha inatawanyika, na ukutani
hufika ukungu tu.
Kwake ukuta umesogea mno:
nuru inaugonga kabla haijakutana;
ingekutana nje, huko kwenye theluji.

"Na sufu?" baba akauliza.
Hapo daktari akanyamaza.
Baba ameshindilia sufu miaka arobaini;
anajua hema likipanuliwa
na sufu ikabaki ileile, ya kondoo walewale,
utaiwamba, itafika,
lakini pembeni utaona nyota.

"Ndiyo," daktari akasema. "Retina haiongezeki. Inavutika.
Ukiona cheche, binti,
au pazia likishuka upande mmoja,
usingoje kukuche."

Tukatoka. Weupe ule ulituchoma sote wawili.
Aliisoma namba ya basi likiwa bado darajani;
nauli nilihesabu mimi.
Kituoni akavua glavu,
akanipapasa kando ya jicho kwa kidole gumba, polepole,
kama anavyopapasa sufu kabla ya kipupwe
akitafuta palipopungua.

Sijui alipata nini.
Alinivuta kofia mpaka kwenye nyusi,
akafunga kamba zake mara mbili,
ingawa baridi haipitii huko.