Jiwe Lenye Njaa

Mihayo alishuka kwenye bodaboda ya Urambo
na gunia moja, si la mbolea.
"Mwangaluka, mama," akalitua,
likalia kokoto kavu.
Nikadhani ameniletea mzaha:
mawe, mimi wa Ussoke,
niliyeng'oa mawe shambani hadi kucha zikasahau kukua.

"Haya yana matundu."
Nikachungua, sikuona tundu.
"Ni madogo kuliko jicho. Weka ulimi."
Nikaweka. Jiwe likaung'ang'ania ulimi wangu
kama mtoto mchanga ashikavyo kidole.
Zeolaiti, akaliita.
Mimi nikaliita jiwe lenye njaa.

Nisemeje sasa habari ya kisima?
Kitalu cha tumbaku kiko juu, kisima kiko chini,
na maji hayajui kupanda.
Misimu kumi na tisa marehemu Kapela
alipima dawa kwa kijiko cha uji,
akaosha bomba pale pale mbugani,
akarudi akipiga mluzi.
Tuliiita dawa.
Hata chupa ilipochorwa fuvu tuliiita dawa,
maana ndiyo iliyolipa ada ya Nyamizi,
ndiyo iliyoezeka hili bati.
Kijiko kile ninacho. Sijajua pa kukitupa.

Mwaka wa mizinga mitupu
nyuki walilala chini ya miyombo kama makapi ya mtama.
Tukafagia.
Hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Basi tukatoboa pipa.
Kokoto chini, mawe yake katikati, mchanga juu.
Maji yaliingia kwa pupa,
yakatoka tone, tone,
kama mdeni anayelipa.
Mihayo akajaza chupa, akaandika tarehe,
akazipeleka Tabora mjini kupimwa.
Wiki tatu.
Karatasi ikarudi na namba mbili,
ya kabla ndefu, ya baada fupi.
"Imepungua," akasema. Hakusema imekwisha.
Nilimpendea hilo.

Mwezi wa sita namba ikaanza kurefuka.
"Mawe yameshiba, mama. Tubadilishe."
Na haya?
Akatazama mbuga. Akatazama bani
lililokauka tangu tuache kuanika jani.
"Wanasema moto mkali huyasafisha, labda tu..."
Na moshi wake, nikauliza, nitaukingia pipa gani?
Akanyamaza, akakuna shingo. Ni kijana msikivu.

Usiku ule sikulala.
Nilikuwa nimedhani jiwe linaua sumu.
Kumbe linaipa chumba tu,
chumba kisicho na dirisha, maelfu kwa maelfu
ndani ya kokoto isiyojaza kiganja,
na kila mpangaji humo
ni mgeni niliyemwalika kwa mkono wangu,
nikamtandikia shamba.

Tulichimba mbali na mteremko.
Tukasakafia kwa saruji iliyobaki
kwenye kaburi la Kapela,
tukamwaga mawe, na kijiko juu yake,
tukafunika, tukaziba kingo.
Mihayo akapiga alama kwa rangi nyekundu.
Mimi nikaongeza jina letu la ukoo,
ili kesho asije mtu akauliza ni ya nani.

Nyamizi alikuja likizo.
"Umepanda nini pale, mama?"
Sijapanda. Nimeweka.
Akala matobolwa, akateka kikombe kutoka kwenye pipa,
akanywa hadi mwisho, kichwa nyuma,
nami nikilitazama koo lake likipanda, likishuka,
huku mkono wangu ukiitafuta simu
nimuulize Mihayo
namba ya mwezi huu ina urefu gani.