Basi na Ikiwa

Madamu Nzigire alifuta tablo kwa kiganja,
sifongo ilikwisha zamani katika darasa letu la mabati, Majengo,
akaandika maneno mawili tu: ikiwa, basi,
moja upande huu, jingine upande ule,
na mshale katikati, kichwa kikielekea ziwani.

Ikiwa umbo ni mraba, basi pande zake nne zinalingana.
"Sasa igeuzeni," akasema,
nasi, wepesi kama mzigo unaoteremka Kibumba bila breki,
tukaigeuza: ikiwa pande nne zinalingana, basi ni mraba.
Akatoa vijiti vinne vya urefu mmoja, vimefungwa mpira kwenye ncha,
akavisukuma kidogo tu, kwa kidole.
Mraba ukalala ubavu.
Pande zilikuwa zile zile. Pembe zilikwenda zao.
"Barabara ya kwenda haikupi hati ya kurudi."

Nilicheka na wenzangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
na nyumbani nilikuwa na sentensi yangu, sijaiandika popote:
ikiwa Papa amefika, basi chukudu italia langoni.
Gurudumu la nyuma lilikuwa na ufa,
lililia kii-kii, kii-kii juu ya mawe ya lava,
chini ya magunia matano ya viazi.
Sentensi ile haikunidanganya hata jioni moja.

Mwaka uliofuata chukudu ililia langoni
saa ile ile ya giza jekundu, mlima umewasha taa yake.
Nikakimbia bila viatu.
Alikuwa Sivihwa, jirani, ameushika usukani kwa mikono miwili
kama mtu aliyepokezwa mtoto wa mwenzake.
Magunia yalikuwepo. Ufa ulikuwepo.
Mama hakuuliza neno.

Nani alinituma niigeuze?

Na mlima pia: ikiwa moto unateremka, basi anga imekuwa nyekundu.
Lakini anga yetu huwa nyekundu usiku mwingi,
na watu wanakaanga sambaza, wananyoana, wanaoana.
Mgeni kutoka Kisangani hulala na viatu miguuni.
Sisi huvua.
(Mara mbili tulikosea kuvua. Hiyo ni sentensi nyingine.)

Leo ninajenga. Ndiyo, mimi, binti wa chukudu, fundi wa kuta
juu ya mawe meusi ya Ndosho yasiyojua jembe.
Kamba yangu ina vipande kumi na viwili, fundo kwa fundo.
Navuta vitatu huku, vinne kule,
na vitano vikikaza bila kulegea kati ya misumari miwili,
najua kona imekaa pembe mraba. Vijana huuliza nimejuaje.
Kanuni tuliyokariri ilianza na pembe, ikaishia kwenye hesabu.
Mimi nashika hesabu, naidai pembe.
Ni mgeuzo huo, na ni wa kweli,
ila si kwa urithi wa ule wa kwanza:
Madamu alikaa nao siku tatu, chaki hadi kwenye nyusi,
akauthibitisha upya, kama mtoto wa nyumba nyingine.

Jioni chukudu ikilia barabarani, bado nainua kichwa.
Siinuki. Nainua kichwa tu,
kamba mkononi,
ikiwa upande huu,
na basi sijaliandika.