Jumatano kwa Penseli

Jumapili, saa tatu usiku, Rau.
Masufuria yameoshwa, yamelala kifudifudi,
nami nakaa na wiki kama mtu anayekaa na ungo wa mchele:
nipepete, nichambue, nitoe mawe
kabla meno ya mtoto hayajakutana nayo.

Nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, ile ya chama cha kahawa,
nachora siku tano.
Rula ilivunjika; natumia ukingo wa ubao wa kukatia nyama,
umepinda kidogo,
kwa hiyo Ijumaa imekuwa nyembamba kuliko wenzake.
Haidhuru. Ijumaa ni ya kuchora na kumwagilia mchicha.

Jumatatu, kwa kalamu ya bluu: kusoma kwa sauti,
ukurasa wa arobaini na moja, ule wa nyuki.
Baba Ndelakio ameahidi kutuonyesha mizinga yake
mradi Aikande asipige kelele.
Aikande! Asipige kelele!

Jumanne, bluu: ngeli, na barua kwa bibi yake wa Uru.

Jumatano naiandika kwa penseli.
Jumatano ni kliniki,
na kliniki haisomi ratiba ya mtu.
Wiki nyingine wanatuachia mapema, tunarudi tukila embe.
Wiki nyingine tunalala huko siku tatu
na somo linakuwa kuhesabu matone ya dripu hadi asinzie.
Mia mbili na kumi na sita.
Ndivyo alivyovuka mia mbili.

Wifi yangu Anaeli alipita baada ya ibada:
“Na huyu mtamweka ndani mpaka lini?
Mtoto si maharage ya kuloweka.”
Nikamkaribisha chai, nikamwongezea sukari.
Maneno mengine hujibiwa na kijiko.
Hakuwepo Julai ile, baridi ya asubuhi, watoto mstarini,
mwalimu mmoja kwa watoto tisini,
na wangu amekaa chini, ameshika magoti,
anaitwa mvivu.

Alhamisi: visehemu.
Hapa umeme unakatika. Nawasha mshumaa.
Mimi niliishia kidato cha pili, na hesabu nilizikimbia,
basi kila usiku nalala nikiwa mbele yake ukurasa mmoja,
mmoja tu,
kama mtu anayetangulia na tochi
kwenye njia ambayo naye haijui.
Kiasi juu, asili chini.
Nachukua chapati iliyobaki. Nakata: nusu.
Nusu ya nusu.
Robo.

Nabaki nayo mkononi.

Robo ni neno la daktari,
siku ile alipochora miduara minne kwenye karatasi
akaupaka wino mmoja.
Baba kabeba, mama kabeba, alisema, wala hamkujua,
na kila mimba ni kura mpya.
Ombeni alipita kwenye ile mitatu;
anakimbia mpaka kivuli chake kinaomba maji.
Aikande akaangukia ule wa nne.
Kitabu cha darasa la tatu hakisemi
kwa nini asili hukaa chini
na kwa nini ndiyo igawayo.

Alhamisi nitatumia machungwa.

Mlango unalia. Ni yeye, shuka begani,
amekuja kunywa maji, kikombe cha nane cha leo,
maana hilo ndilo zoezi asilolikosa.
Anaisoma ratiba kwa kidole, midomo ikitembea.
“Mama, Jumatano umeikosea. Haionekani.”
Namwambia imeandikwa kwa penseli.
“Penseli ni ya watoto,” anasema,
anachukua kalamu yangu, anaandika juu ya maandishi yangu
kwa herufi kubwa, zinazopanda mlima:
EMBE.

Kisha anaitazama robo.
“Hiyo unaimaliza?”

Anaila akiwa amesimama.
Makombo yanaangukia Ijumaa,
ile nyembamba.